Shirika Linapokohoa: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia Kutafuta

Naandika vitabu vya hesabu vya mashirika madogo yasiyo ya kiserikali kati ya Arusha na Moshi. Siku moja niko Njiro, siku ya pili nimepanda Coaster ya alfajiri kwenda Moshi, mkobani nina kikokotoo, kalamu mbili na chupa ya maji. Simu ninazopigiwa zinafanana. "Dada, mfadhili amekata mawasiliano." "Dada, benki wamegoma." "Dada, hapa kuna barua ya TRA, siielewi." Hakuna aliyewahi kunipigia kusema bodi yake haijakutana tangu mwaka juzi, ingawa mara nyingi hilo ndilo lililozaa hayo mengine.

Kwa hiyo nikifika, kabla hata sijaelezwa tatizo, naomba vitu vitatu: katiba, muhtasari wa kikao cha mwisho cha bodi, na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Halafu naangalia vinatoka wapi. Katiba ikitoka kwa katibu, muhtasari kwa mwenyekiti, taarifa ya benki kwa mhasibu, basi hata kama kuna fujo, ni fujo ya kusafishika. Vyote vitatu vikitoka kwenye mkoba mmoja wa mkurugenzi, pamoja na kitabu cha hundi na simu yenye laini ya shirika, najua leo sirudi Arusha mapema.

Hapa chini ni dalili ninazokutana nazo zaidi, na mahali ninapoanza kutafuta.

Awamu ya pili ya pesa haiji

Usianze na mfadhili ana roho mbaya. Jiulize kwanza: amenyamaza kwa kila mtu, au kwako tu? Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilikaa siku mbili na mkurugenzi mmoja tukitafuta kosa kwenye ripoti yake ya robo mwaka. Pesa yake ilikuwa inapitia shirika kubwa la kati, na lenyewe lilikuwa halijui liseme nini. Kosa halikuwepo. Kufika Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Ungepiga simu kwa mashirika mengine mawili yanayopokea kutoka mfuko uleule, ungejua kwa dakika kumi.

Kama umenyimwa peke yako, fungua mkataba kwenye ukurasa wa masharti ya ripoti, kisha weka ripoti ya shughuli na ripoti ya fedha mezani pamoja. Watu hudhani tatizo ni kuchelewa. Kuchelewa husamehewa. Kisichosameheka ni karatasi mbili kutoka kwenye shirika moja kupingana. Ripoti ya shughuli inasema mmewafundisha akina mama 120 ufugaji wa kuku. Ya fedha ina chakula cha watu 80. Anayeisoma Berlin hajawahi kufika Machame, lakini kugawanya anajua. Labda wale 40 walikuja siku ya pili na wakala kwa mama lishe mwingine ambaye risiti yake imepotea. Basi liandike hilo, kabla hujaulizwa.

Chanzo cha pili kinajificha zaidi: kukopeshana kati ya miradi. Mishahara ya mradi wa elimu imechelewa, kwa hiyo mnachota kidogo kwenye mradi wa maji, "tutarudisha ikifika". Kipimo chake ni rahisi. Jumlisha salio ambalo kila mradi unatakiwa kuwa nalo kwa mujibu wa vitabu, kisha angalia benki kuna kiasi gani. Benki ikiwa pungufu, mmeshakopa, hata kama hakuna aliyeliita hilo mkopo. Dawa yake haipendezi. Bodi ikae, iandike deni hilo kwenye muhtasari na tarehe ya kulirudisha, kisha mfadhili aambiwe na ninyi wenyewe. Wafadhili niliowaona wakivunja mkataba, wengi waliuvunja kwa kuwa waligundua wenyewe.

Chanzo cha tatu wengi hawakitarajii. Mashirika mengi ya huku kwetu yana "marafiki" Uingereza au Marekani, yaani shirika dogo la kule linalochangisha kwa niaba yao. Hesabu za shirika lililosajiliwa Uingereza mara nyingi zinasomeka kwenye masjala ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, bila malipo. Marekani kuna Fomu 990, taarifa ya kila mwaka ya mashirika kama hayo kwa mamlaka ya kodi, nayo iko wazi kwa umma. Tuseme wao wameandika wametuma pauni 40,000 na vitabu vyako vinaonyesha 31,000. Siku moja mtu atalinganisha. Usiogope mara moja. Angalia kwanza mwaka wao wa fedha unaishia lini, maana wako unaishia Desemba na wao huenda wanaishia Machi. Kisha makato ya benki ya kati, kisha kiwango cha kubadilishia, kisha kama kuna walicholipa huko huko, labda tiketi ya daktari wa kujitolea, wakakihesabu kama msaada kwako. Ukishatoa vyote hivyo na bado kuna shimo, hapo ndipo uulize ni akaunti gani nyingine iliyopokea.

Benki imeshikilia pesa

Hii huja na hasira nyingi na mara nyingi chanzo chake ni karatasi. Mtia saini mmoja alihamia Mwanza, wa pili hazungumzi na wa kwanza. Au jina kwenye cheti lina neno "Foundation" na kwenye akaunti halina. Au mlibadili wajumbe wa bodi na hamkumjulisha Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kwa hiyo benki inaona majina haya na masjala inaonyesha mengine.

Maswali ya benki yenyewe yameongezeka. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi, na ikaondolewa Juni 2025. Kwa ninavyoona kaunta, fomu hazijapungua. Wanataka kujua nani hasa anasimamia shirika, pesa inatoka kwa nani, inakwenda kufanya nini. Nenda na mkataba wa mfadhili, cheti, orodha ya bodi ya sasa na muhtasari ulioteua watia saini, vyote kwenye bahasha moja, na ombi lako liwe limeandikwa. Mkurugenzi anayekwenda mikono mitupu kumlaumu binti wa kaunta hurudi kesho yake, na keshokutwa.

Kuna jambo moja ambalo nikiliona nafunga kazi kwanza. Ofisi moja nilifungua kitabu cha hundi nikakuta hundi sita zimesainiwa tayari na mwenyekiti, tarehe hakuna, kiasi hakuna. "Mzee anaishi Rombo, tunamhurumia nauli," nikaambiwa. Saini mbili ziliwekwa ili watu wawili watazame malipo yaleyale. Hapo alikuwa anatazama mmoja tu, na yule mzee ndiye angekuwa wa kwanza kuitwa kujieleza. Tulizifuta zote sita siku ileile.

Bodi ipo kwenye karatasi tu

Hapa nitakaa kidogo.

Nilipewa faili la mihutasari ya miaka mitatu. Vikao kumi na viwili, robo kwa robo, vimepangwa vizuri kwa klipu. Wino wa bluu uleule. Kila kikao kilifunguliwa kwa sala saa 4:00 asubuhi na kufungwa kwa sala saa 6:30 mchana, bila kuchelewa hata dakika, jambo ambalo kwa kikao cha Kitanzania peke yake lingetosha kunitia shaka. Kikao cha Agosti kilikuwa na mjumbe ambaye mimi nilimfahamu. Tulikuwa tumemzika Juni.

Mkurugenzi hakuwa mwizi. Nilipitia hesabu zake na pesa ilikuwa imefanya kazi. Alikuwa amechoka. Bodi aliiunda mwaka wa kwanza kwa kuwa sheria ilitaka bodi: shangazi yake, mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu, na rafiki Mjerumani ambaye baadaye alirudi kwao. Walikuwa majina ya kujaza fomu. Akidi ilipokosekana mara mbili, akaanza kuandika muhtasari mwenyewe ili awe na kitu cha kumpa mkaguzi. Mwaka wa tatu ilikuwa imeshakuwa desturi.

Ubaya wa desturi hiyo ni kwamba siku pesa ikipotea kweli, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba si yeye.

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji semina kuelezwa mkutano mkuu ni nini. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, na wazee wa kahawa walikuwa wakisimama kwenye chama chao cha msingi kumuuliza katibu bei na makato mbele ya watu wote. Lakini mjukuu akianzisha shirika lake anataka bodi ya kupiga makofi. Namwelewa. Shirika amelianza sebuleni kwake, kwa pesa yake, na sasa anaambiwa ajieleze kwa watu ambao hawakuwepo. Tatizo ni kwamba akishaweka jina la shirika kwenye cheti na kupokea shilingi ya kwanza ya mtu mwingine, lile si lake tena.

Pa kuanzia ni kifungu cha katiba kinachohusu akidi na muda wa wajumbe. Mara nyingi utakuta muda wa wote ulishaisha na hakuna aliyeona. Itisheni mkutano mkuu kwa taarifa iliyoandikwa, jazeni nafasi, na mabadiliko yapelekwe kwa Msajili. Mihutasari ya kubuni isichomwe na isiongezewe mingine. Bodi mpya iandike wazi kwamba kipindi fulani hapakuwa na vikao halali, kisha ipitie maamuzi makubwa ya kipindi hicho, moja moja, na kuyathibitisha au kuyakataa. Ni aibu ya mchana mmoja. Mashirika niliyoyaona yakifanya hivyo yalipata hoja ya ukaguzi, yakaijibu, yakaendelea.

Kuhusu nani awe kwenye bodi nina msimamo, na wengine hawaupendi. Mkurugenzi asiwe mwenyekiti. Akae kama katibu wa kikao, aeleze, asipige kura. Mume na mke wasiwe watia saini pamoja. Kama nyumba mnayopanga ni ya mdogo wake mkurugenzi, iandikwe, na bei ipitishwe naye akiwa nje ya chumba. Wala si lazima wajumbe wawe wasomi, mama mmoja muuza mitumba wa Kiborloni anayejua faida na hasara aliwahi kuuliza swali kwenye kikao ambalo mkaguzi hakuuliza: "Hii dizeli yote, gari liko wapi?" Gari lilikuwa gereji miezi miwili.

Posho nayo. Mkilipa posho nene ya kikao, mtapata wajumbe wanaopenda vikao. Msipolipa hata nauli, mtapata wale wanaoishi jirani na ofisi. Lipeni nauli halisi na chakula, viwe kwenye bajeti, na iishie hapo.

Mkaguzi ameandika "hati yenye shaka"

Mara tisa kati ya kumi ni masurufu, yaani pesa ya kazi aliyotangulizwa mtumishi, na risiti. Mtumishi amechukua laki tano za safari ya kijijini, amerudi, hajarejesha hesabu, amepewa laki tano nyingine. Weka kanuni moja: hakuna masurufu mapya kabla ya ya zamani kurejeshwa, hata kwa mkurugenzi. Hasa kwa mkurugenzi.

Risiti za EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, zina ugonjwa wake. Karatasi yake inafifia. Nilifungua boksi lililokaa mwaka mzima juu ya friji, kwenye joto, nikakuta karatasi nyeupe mia mbili na kitu. Zote zilikuwa halali siku zilipotolewa. Piga nakala au picha siku ileile, andika namba ya vocha ya malipo juu yake. Kwa bodaboda, mbeba matofali na mama lishe wa kijijini, wasio na mashine, tumia fomu ya kusaini: jina, simu, kazi, kiasi, saini, na shahidi mmoja aliyekuwepo. Mkaguzi mzoefu anaikubali kwa kiasi kidogo. Na mkaguzi mwenyewe awe amesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. "Kijana anayejua Excel" hawezi kusaini hesabu zilizokaguliwa.

Barua ya TRA imeingia

Neno linaloponza ni "sisi hatulipi kodi, hatufanyi biashara". Kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali hakukupi msamaha wa kodi ya mapato. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, hadhi ya shirika la hisani inaombwa kwa Kamishna, na ukishaipata bado unapeleka ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka.

Hata mwenye hadhi hiyo ana wajibu wa kukata kodi za wengine. Mishahara: PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ipelekwe kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Huduma kama ya mshauri au mkufunzi mkaazi wa nchini: kata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo. Na inayoumiza zaidi huku Arusha ni pango. Shirika likipanga nyumba ya ofisi linatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, na mwenye nyumba akisikia hivyo anasema, "Mimi nataka hela yangu kamili." Mkampa kamili. Miaka minne baadaye ile asilimia 10 inadaiwa kwenu, na riba juu yake. Zungumzeni kabla ya kusaini mkataba, mwoneshe kwamba kilichokatwa kina cheti anachoweza kukitumia kwenye kodi yake. Akikataa, tafuteni nyumba nyingine.

Wageni wameacha dola, na hakuna anayejua ngapi

Hili ni letu sisi wa chini ya mlima. Mtalii ameshuka Kilimanjaro, ana siku moja kabla ya ndege, mwongozaji anamleta kuona kituo cha watoto. Watoto wanaimba, mgeni analia kidogo, anatoa noti ya dola mia mkononi mwa mlezi. Jioni mlezi anasema zilikuwa mia, mpishi anasema aliona mbili, mwongozaji anataka chake.

Hapo hakuna wa kumlaumu kwa sababu hapakuwa na utaratibu. Weka kitabu cha stakabadhi chenye nakala, na boksi lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasioishi nyumba moja. Boksi lifunguliwe siku maalumu, zihesabiwe na wawili, zipelekwe benki zikiwa nzima kabla ya kununua hata mkate. Bango dogo mlangoni: "Tafadhali dai stakabadhi."

Na mkiwa hapohapo, angalieni leseni. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Cheti cha shirika hakitoshi. Picha za watoto wenye majina na magonjwa yao kwenye ukurasa wa kuchangisha nazo zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kituo kinachohitaji mtoto alie ndipo kipate pesa kina tatizo ambalo mhasibu hawezi kulitibu.

Ripoti kwa Msajili haijaenda

Fupi. Ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zinapelekwa kila mwaka, pamoja na ada, kupitia mfumo wa mtandao. Mkishindwa, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya au mkoa, ndiye msajili msaidizi, na mara nyingi anawajua. Chanzo nilichokutana nacho zaidi ni cha kuchekesha: nywila ya mfumo iko kwenye barua pepe ya mtumishi aliyeacha kazi kwa hasira. Fungueni barua pepe ya ofisi.

Wale waliohama kutoka usajili wa BRELA, ambako kampuni husajiliwa, mwaka 2019, sheria ilipobadilishwa, wakumbuke kwamba cheti kina miaka 10. Hesabuni wenyewe. Kanuni za 2018 nazo zilitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze chanzo na matumizi hadharani na kupeleka mikataba kwa Msajili na Hazina. Pelekeni mkataba mara mnaposaini, msingoje kuulizwa.

Kijiji kinanong'ona

"Tunasikia wamepewa milioni mia." Maneno ya kilabuni, lakini yakifika kwa diwani yatarudi kwenu kama ukaguzi. Chanzo chake ni kimya. Mfadhili wa London anapata ripoti ya kurasa thelathini. Mwenye ardhi ambako tangi limejengwa hapati hata mstari.

Shirika moja la maji upande wa Arumeru nililishawishi libandike karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: tumepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, tumetumia nini, kimebaki nini. Kiswahili, herufi kubwa, muhuri. Mkurugenzi alikuwa na wasiwasi kwamba watu wataomba pesa. Wiki ya kwanza hakuna aliyeomba. Mzee mmoja alisimama pale muda mrefu, miwani mkononi, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akaja ofisini.

"Hii saruji mmenunua mjini?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na gari la kuileta mmelilipa, nimeona huku chini ya karatasi. Sasa duka la hapa barabarani bei yake mliuliza?"

Hawakuwa wameuliza. Mkurugenzi alitoa kalamu akaandika jina la duka nyuma ya bahasha, na mzee akamwelekeza njia.